Nakala Isiyo na Kasoro: Historia Fupi ya Programu Bandia

Bidhaa bandia si jambo geni katika pwani yetu. Katika karne ya 19, nguo iliyotawala biashara ya Zanzibar na misafara ya bara ilikuwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa Marekani na kuletwa hasa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Biashara hiyo ilishamiri zaidi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Merikani ilipimwa kwa mikono na kwa doti, na katika njia za kwenda Unyanyembe na Ujiji ilitumika kama fedha. Washindani wao wa Kiingereza walipoona faida hiyo, wakajaribu kukiiga. Lakini mnunuzi wa zama zile hakuwa mnyonge mbele ya kitambaa cha kuiga. Alikishika, akakivuta, akatazama ufumaji wake, kisha akaamua. Ubandia ulikuwa ndani ya kitu chenyewe, na vidole vya mnunuzi viliweza kuufikia.

Nimeanza na merikani kwa sababu katika makala haya nakusudia kuzungumzia bidhaa ambayo vidole haviwezi kuipima, yaani programu za kompyuta. Kila siku watu wetu hununua programu mtandaoni au hupakua nakala za bure zilizochakachuliwa, na mjadala wetu juu ya jambo hili umekwama mahali pawili. Wapo wanaosema ni wizi tu, na wapo wanaosema ni haki ya maskini. Pande zote mbili zinasahau historia. Hoja yangu ni kwamba neno "bandia" limebadilika maana mara kadhaa tangu programu zilipoanza kuuzwa, na kwamba mnunuzi anayetumia maana ya jana katika soko la leo ndiye anayeumia.

Programu zinageuka kuwa bidhaa

Kwa miaka mingi ya mwanzo wa kompyuta, programu haikuwa bidhaa ya kuuzwa peke yake. Taasisi ilikodi au kununua mashine, na programu zikaja pamoja nayo, kama vile mnunuzi wa cherehani anavyopewa sindano za kuanzia. Watumiaji walibadilishana programu bila kificho, na watengenezaji wa mashine walifurahi kwa kuwa kila programu mpya iliongeza thamani ya mashine zao. Mwezi Juni 1969, kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itatenganisha bei ya mashine na bei ya baadhi ya programu na huduma zake. Uamuzi huo, uliofanyika wakati kampuni ikikabiliwa na shinikizo la sheria za ushindani Marekani, ulisaidia kufungua njia ya soko la programu tunalolijua leo.

Kitu kikishapata bei, kinapata pia mwizi wake. Mwaka 1975 kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque iliuza kompyuta iliyoitwa Altair 8800, na vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakaiandikia programu ya lugha ya BASIC. Programu hiyo ilihifadhiwa katika utepe wa karatasi wenye matundu. Katika onyesho moja huko Palo Alto, utepe mmoja ulichukuliwa, na muda si mrefu nakala zake zikawa zinagawanywa miongoni mwa wanachama wa klabu ya wapenzi wa kompyuta ya Homebrew, huko California. Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, alichapisha barua ya wazi ya kuwalaumu wapenzi hao. Alidai kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye Altair walikuwa wameinunua BASIC, na kwamba malipo waliyoyapata yeye na wenzake, yakigawanywa kwa saa walizofanya kazi, hayakufika dola 2 kwa saa.

Tuitazame barua hiyo kwa makini. Gates hakulalamika kwamba nakala zile zilikuwa mbovu. Hakuweza, kwa sababu hazikuwa mbovu. Kila tundu katika utepe wa nakala lilikuwa mahali pake, sawasawa na tundu katika utepe wa asili. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa kawaida walikuwa na uwezo wa kutengeneza, nyumbani, nakala isiyo na kasoro yoyote ya bidhaa ya dukani. Merikani ya kuiga ilikuwa merikani hafifu, ilhali BASIC ya kuiga ilikuwa BASIC kamili. Kilichokosekana ni ruhusa ya mwenye mali na malipo yake. Hapo ndipo maana ya "bandia" ilipohama kutoka katika kitu na kuingia katika uhusiano kati ya watu.

Sheria inafuata nyuma

Uhusiano wa namna hiyo hulindwa kwa sheria, na sheria ilichelewa. Bunge la Marekani liliziweka programu waziwazi ndani ya hakimiliki mwaka 1980. Mwaka 1983, katika kesi ya Apple dhidi ya Franklin, mahakama ya rufani ya huko iliamua kwamba hata programu za msingi zinazokaa ndani ya mashine na ambazo binadamu hazisomi kwa macho zinalindwa. Tarehe 1 Januari 1995 ulianza kutumika mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambao ibara yake ya 10 inazitaka nchi wanachama kuzilinda programu kama kazi za fasihi. Kwa lugha ya mkataba huo, mfumo wa mahesabu ya duka na riwaya ya Shaaban Robert vinakaa rafu moja.

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo mahubiri mengi juu ya hakimiliki hayalisemi. Marekani hiyo hiyo iliyosimamia kwa nguvu upatikanaji wa mkataba wa TRIPS ilikataa kwa karne nzima kulinda haki za waandishi wa nje. Vitabu vya Charles Dickens vilichapishwa huko bila idhini na bila malipo, naye alipozuru nchi hiyo mwaka 1842 akalalamika hadharani na kushambuliwa na magazeti yake. Ni mwaka 1891 tu ndipo waandishi wa kigeni walipopewa njia ya kupata ulinzi wa sheria ya Marekani. Nchi iliyokuwa ikijifunza ilinakili, na ilipokuwa na mali yake ya kulinda ikageuka mlinzi. Sisemi haya ili kuhalalisha wizi. Nayasema ili tunapoambiwa kwamba Mwafrika ana tabia ya asili ya kuiba kazi za wengine, tujue kwamba anayetuambia hajasoma historia ya kwao.

Na historia yetu? Serikali ya Tanzania ilikuwa na kompyuta katika Wizara ya Fedha tangu miaka ya 1960. Mfumo wa mahesabu ulipoleta matatizo makubwa, mwaka 1974 ikapigwa marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ilipolegezwa katika miaka ya 1980, mashine zilikuja zikiwa za kisasa, lakini hapakuwa na utamaduni wa kununua programu, wala wauzaji rasmi wa kutosha, wala sheria iliyofikiria jambo hilo. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1966 iliandikwa hata kabla IBM haijatenganisha bei zake. Ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 iliyozitaja programu za kompyuta waziwazi kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake mwaka 2003.

Kati ya mashine kuingia na sheria kufika, fundi alishajaza pengo. Mtu alinunua kompyuta iliyotumika, akaipeleka kwa fundi Kariakoo au katika kibanda jirani na chuo, naye "akapiga Windows" na kuongeza ofisi yake, kinga ya virusi na programu ya kuhariri picha, vyote kwa ada moja ndogo. Mteja aliamini amenunua programu. Kwa kweli alikuwa amelipia kazi ya mikono ya fundi. Kizazi kizima kimekua kikijua kwamba programu haina bei, na kwamba bei ni ya kuiweka. Imani hiyo ndiyo tuliyoingia nayo mtandaoni.

Sumu inaingia katika nakala

Wakati sheria ilipokuwa ikijikokota, jambo jingine lilitokea ambalo liligeuza tena maana ya ubandia. Mwaka 1986, huko Lahore, Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu ndogo iliyojificha katika disketi na kujisambaza yenyewe. Iliitwa Brain, na inahesabiwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM PC. Ndugu hao walieleza kwamba walitaka kuwafuatilia watu walionakili bila ruhusa programu yao ya kitabibu. Ndani ya kirusi hicho waliandika majina yao, anwani na namba za simu, na hawakutazamia kwamba simu zingewafikia kutoka Marekani na Uingereza. Basi kirusi kile cha awali kilizaliwa ndani ya ugomvi juu ya nakala zisizo na ruhusa.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, zikidai kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Aliyehusishwa nazo alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia wa Kimarekani aliyewahi kufanya kazi Kenya. Disketi ile ilikuja na karatasi ya masharti ya leseni, na masharti yenyewe yalionya kwamba asiyelipa ataona programu zake zikiharibika. Wengi hawakuisoma. Baada ya kompyuta kuwashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalifichwa na mtumiaji akadaiwa dola 189, zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Popp alifikishwa mbele ya mahakama ya Uingereza, ikaonekana hana afya ya akili ya kuweza kushtakiwa. Lakini mbinu yake ya kuteka mafaili na kudai fidia haikufa.

Kuanzia hapo kulikuwa na bandia ya tatu. Ya kwanza ni bidhaa hafifu, kama kitambaa cha kuiga. Ya pili ni nakala kamili isiyo na ruhusa, kama utepe wa BASIC. Hii ya tatu ni nakala inayofanya kazi vizuri kabisa huku ikimtumikia bwana mwingine. Kwa mnunuzi, ya tatu ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa kufanya kazi vizuri ndiyo chambo chake.

Mfano mmoja unatuhusu sana sisi wenye mtandao wa kusuasua. Mwaka 2015 iligundulika kwamba waandishi wengi wa programu za simu nchini China walikuwa wakitumia nakala ya Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu, waliyoipakua kutoka hifadhi za mtandaoni za hukohuko badala ya kwa Apple. Sababu kubwa ilikuwa kwamba kupakua kutoka kwa Apple kulichukua muda mrefu. Nakala hiyo ilikuwa imetiwa msimbo mchafu, uliopewa jina la XcodeGhost, nao ukapenya hadi ndani ya programu walizoziandika. Mojawapo ilikuwa WeChat, inayotumiwa na mamilioni ya watu. Programu hizo zikapita ukaguzi wa Apple na kuuzwa katika duka lake rasmi. Watu waliokuwa wataalamu wa fani hiyo walidanganywa kwa ajili ya kuokoa saa chache za kupakua.

Mfano wa pili unawahusu wanafunzi wetu. Tangu mwaka 2018 familia ya virusi vya kudai fidia inayoitwa STOP, au Djvu, imeenea hasa kupitia programu zilizochakachuliwa na vile vijiprogramu vya kutengeneza funguo. Mtu hutafuta namna ya kufungua programu ya kulipia, hupata faili, huambiwa azime kinga ya virusi kwanza, na baada ya dakika chache picha, barua na tasnifu yake havifunguki tena. Fidia iliyodaiwa kwa kawaida ilikuwa dola 980, ikipunguzwa hadi 490 kwa anayewahi ndani ya saa 72. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 zana ya bure iliyowasaidia wahanga wa aina nyingi za kirusi hicho, ila si wa aina zilizofuata. Mwanafunzi wa uzamili aliyekusanya data vijijini kwa miezi sita, kisha akaipoteza kwa sababu hiyo, amelipa bei ambayo hakuna duka lingeweza kumtoza.

Ufunguo unageuka kuwa bidhaa

Watengenezaji nao walijihami. Mwaka 2001 Microsoft ilipotoa Windows XP, ilimtaka mnunuzi wa kawaida aithibitishe nakala yake kwa intaneti au kwa simu. Kwa kuwa nakala haiwezi kutofautishwa na asili yake, ulinzi ulihamia kwenye mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitwa ufunguo. Na sokoni, ufunguo huo ukaanza kuuzwa peke yake.

Siku hizi mnunuzi huona mtandaoni ufunguo wa programu maarufu kwa sehemu ndogo sana ya bei ya mtengenezaji. Anaununua, programu inafunguka, anafurahi. Swali ambalo hakuliuliza ni kwamba ufunguo ule ulitoka wapi. Huenda ulitolewa kwa chuo au kampuni kwa matumizi ya watu wengi, na mtu akauchukua na kuuuza rejareja. Huenda ulinunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa. Mwenye kadi akigundua, benki humrudishia fedha zake, mtengenezaji hupata hasara, na ufunguo hufutwa. Mwaka 2020 soko la G2A lilikiri, baada ya ukaguzi, kwamba funguo 198 za mchezo wa Factorio zilizouzwa humo zilikuwa za wizi, na likawalipa watengenezaji wake, kampuni ya Wube, karibu dola 40,000. Ukaguzi huo ulihusu mchezo mmoja tu.

Haki inatudai tuseme pia kwamba si kila ufunguo wa mtumba ni haramu. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, iliamua kwamba mtu aliyeuziwa nakala ya programu kwa leseni isiyo na kikomo anaweza kumuuzia mwingine, hata kama aliipakua kwa intaneti, mradi nakala yake mwenyewe aifanye isitumike tena. Mahakama ilisema vilevile kwamba leseni ya watu wengi haiwezi kukatwa vipande na kuuzwa kipande kimoja kimoja. Uamuzi huo unaifunga Ulaya. Muuzaji anayemwambia mteja wa Dodoma au Mombasa kwamba funguo zake ni halali "kwa sheria ya Ulaya" anamwonyesha nusu ya hukumu, tena ya mahakama isiyo ya kwake.

Wala mnunuzi mwaminifu hana kinga kamili. Julai 2009 wateja wa Amazon waliokuwa wamelipia riwaya mbili za George Orwell kwa ajili ya kisomeo cha Kindle waliamka na kukuta zimetoweka. Muuzaji aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza, na Amazon ikazifuta kutoka mbali katika vifaa vya wateja na kuwarudishia fedha. Mwaka 2005 iligundulika kwamba santuri halali za muziki za Sony BMG zilikuwa zikipenyeza katika kompyuta za wanunuzi programu iliyojificha, kwa madai ya kuzuia kunakili, nayo ikafungua mwanya kwa wadukuzi. Kwa hiyo uhalali wa bidhaa peke yake hautoshi kumlinda mnunuzi. Anahitaji pia haki mbele ya muuzaji, na taasisi ya kumsaidia kuidai.

Mnunuzi afanye nini?

Ikiwa ubandia umehama kutoka katika kitu na kuingia katika asili yake, basi ukaguzi nao lazima uhamie huko. Mnunuzi wa merikani alipima kitambaa, lakini mnunuzi wa programu hana budi kupima njia iliyoileta.

Kwanza, aanzie kwa mtengenezaji mwenyewe. Aandike anwani ya tovuti kwa mkono wake badala ya kubofya tokeo la juu kabisa la utafutaji, kwa kuwa nafasi hiyo mara nyingi ni tangazo la kulipiwa, na tapeli naye ana fedha za kulipia matangazo. Alama ya kufuli kwenye kivinjari isimlevye. Inaonyesha kwamba mazungumzo yake na tovuti hayasikilizwi na wapita njia, lakini haisemi lolote juu ya uaminifu wa anayezungumza naye. Kama anapendelea muuzaji wa nchini, aangalie katika tovuti ya mtengenezaji kama muuzaji huyo ametajwa.

Pili, aulize anachouziwa ni nini. Je, ni leseni ya kudumu au ya mwaka? Ni ya mtu mmoja, ya shule, au ya kampuni? Imeandikwa kwa jina la nani? Muuzaji halali hukasirika mara chache kwa maswali haya, na hutoa risiti yenye majibu yake. Ufunguo uliotumwa peke yake kwa ujumbe wa simu, bila ankara na bila jina la mtoa leseni, hauna ukoo.

Tatu, akague faili kabla ya kulifungua. Watengenezaji wengi hutia sahihi ya kidijitali katika mafaili yao, nayo huonekana katika sehemu ya sifa za faili. Wengine huchapisha mfuatano wa tarakimu unaolitambulisha faili, ambao mtumiaji anaweza kuukokotoa kwa kompyuta yake na kulinganisha. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo silo. Na programu yoyote inayomtaka azime kinga ya virusi ndipo iingie, ni kama mgeni wa usiku anayeomba mbwa wafungwe kabla hajabisha hodi.

Nne, alipe kwa njia inayoacha kumbukumbu na kuruhusu madai, na nakala ya kazi zake aiweke mahali pengine, mbali na kompyuta hiyo. Kumtumia fedha kwa simu mtu asiyejulikana ni kumpa zawadi.

Wajibu usiokuwa wa mnunuzi

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemtwika mnunuzi mzigo wote, na historia niliyoisimulia hainiruhusu. Tunawaagiza wanafunzi wachambue data kwa programu fulani ya takwimu ambayo chuo hakikuilipia, kisha tunashangaa wanapokwenda kwa fundi. Huko ni kumtuma mtoto dukani bila fedha na kumpiga akirudi na mali ya wizi. Mhadhiri anayeagiza programu ya kulipia anapaswa kujua chuo kina leseni ngapi. Kama hakina, aagize nyingine.

Na nyingine zipo. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, mwaka uleule wa kesi ya Apple na Franklin, akidai kwamba kunakili na kurekebisha programu kuwe haki ya mtumiaji. Kutokana na fikra hiyo tuna Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, tuna LibreOffice kwa kazi za ofisi, na tuna R kwa takwimu, lugha iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Auckland na sasa inayotumiwa na watafiti duniani kote. Katika programu hizi swali la nakala isiyo na ruhusa linayeyuka, kwa kuwa ruhusa imetolewa kwa wote. Swali la nakala yenye sumu linabaki palepale. Mwaka 2015 watengenezaji wa GIMP, programu huru ya picha, walilalamika kwamba tovuti ya SourceForge ilikuwa ikiigawa programu yao ya Windows ikiwa imefungwa pamoja na matangazo ya wengine. Kitu cha bure nacho kichukuliwe kwa mwenyewe.

Sisi wenyewe tuliwahi kuonyesha njia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi kamili ya kompyuta kwa Kiswahili, huru na halali. Ni miaka 5 tu baada ya sheria yetu kuzitambua programu. Mtu angetazamia kuona leo kila ofisi ya kata na kila sekondari ikiitumia au ikitumia mrithi wake. Badala yake, nadhani msomaji anaweza kwenda katika ofisi yoyote ya umma iliyo karibu naye na kuuliza leseni za programu zake ziko katika faili gani.

Ukweli ni kwamba mkataba wa TRIPS uliziachia nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, muda wa kujipanga, na muda huo umeongezwa mara kadhaa hadi mwaka 2034. Tumekuwa tukiutumia muda huo kwa kufumba macho. Serikali zinazofumba macho mbele ya nakala zilizochakachuliwa hudhani zinawasaidia wananchi wao, ilhali zinawaacha mikononi mwa wale ambao nakala hizo ni biashara yao. Fedha ya leseni isiyolipwa leo hulipwa kesho kwa data ya wagonjwa, mishahara ya walimu na tasnifu za vijana wetu.

Katika bajeti ijayo ya kila taasisi ya umma, programu ziwe na kifungu chake: ama cha kununulia leseni, ama cha kuwafundisha watumishi kutumia programu huru. Vyuo vichapishe orodha ya programu ambazo wanafunzi wao wanaweza kuzitumia kihalali, na mahali pa kuzipata. Orodha ya ukurasa mmoja, iliyobandikwa kwenye mlango wa maktaba, itaokoa tasnifu nyingi kuliko mahubiri yote tuliyokwisha kutoa juu ya wizi.